Maharage ya Gizani na Nyota za Mpishi

Kwenye ukuta wa mbele wa shule ile pameandikwa kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kama za duka la magodoro: KUULIZA SI UJINGA. Mvua zimeibandua ile SI, na hakuna aliyeona haja ya kuirudishia. Wapitao pale kila siku wameridhika na yale maneno yaliyobaki. Asiyeridhika ni mmoja tu, naye ndiye tunayemzungumzia: mwalimu wa sayansi wa darasa la tano, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye wanafunzi, walimu, hata muuza vocha wa getini, wanamwita Mwalimu Umejuaje.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Kalichuma mwenyewe. Mtoto akisimama na kusema chuma kina nguvu kuliko ubao, mwalimu huyu hasemi "vizuri" wala hasemi "kosa". Anakunja mikono na kuuliza, "Umejuaje?" Mtoto akijibu kwamba kitabu kimesema, anamwuliza, "Na kitabu kimejuaje?" Hapo watoto wa darasa la jirani huanza kucheka, na mwalimu wao huanza kugonga ukuta.

Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Baba yake alikuwa fundi redio, mwenye kibanda kilichojaa nyaya kama kichwa kisichochanwa. Mteja akileta redio na kusema imekufa, mzee anauliza, "Umejuaje? Umeipima mapigo?" Na kabla hajaifungua, binti yake alitakiwa kubashiri: ni waya, ni betri, au ni mende? Akikosea hakuchapwa wala hakutukanwa, alionyeshwa. Mara nyingi alikuwa mende. Basi binti akakua akidhani kujifunza ndiko huko: unabashiri, unafungua, unaona, unajicheka. Chuo cha ualimu kilijitahidi kumtibu. Kilimfundisha kuandika malengo ya somo kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na kuyapigia mstari. Alifaulu vizuri sana, lakini hakupona.

Kisha vikaja vishikwambi.

Vilikuja kwenye maboksi meupe, na hotuba, na utepe, na kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi. Vililetwa na Mradi. Huo Mradi ulikuwa na jina refu la maneno saba, lakini hakuna aliyelishika, wakaubakiza Mradi tu. Mkuu wa shule alishika kishikwambi kimoja juu kama kombe la mpira akasema, "Kuanzia leo, elimu iko kiganjani!" Watu wakapiga makofi. Hotuba zilipokwisha, elimu ikaondolewa kiganjani ikafungiwa kabatini, ofisini kwa Mkuu, ikiwa bado na karatasi yake ya nailoni juu ya kioo. Watoto wana vidole vichafu, alieleza Mkuu, vifaa vitaharibika. Mwalimu Umejuaje alisikia maneno hayo akadhani ni utani. Akacheka. Akacheka peke yake.

Kilichovitoa kabatini si huruma, ni hofu. Mradi ulituma habari kwamba kila kishikwambi kina programu ya maswali. Unasoma swali, unagusa jibu. Ukipata, inalia kengele na nyota ya dhahabu inadondoka kwenye kioo. Hizo nyota zinajihesabu zenyewe na kusafiri hewani hadi ofisi za Mradi. Shule yenye nyota chache itanyang'anywa vishikwambi, vipelekwe kwenye shule yenye kiu zaidi ya elimu.

Mkuu alisoma ujumbe ule akaanza kujipepea na kitabu cha mahudhurio. Akavigawa vishikwambi madarasani siku hiyo hiyo. Lakini wiki haikuisha akagundua tatizo: watoto ni wazito. Mtoto anasoma swali, anakuna kichwa, anamwuliza mwenzake, wanabishana. Nyota moja inachukua muda wa kupika chai! Ndipo Mkuu alipopata wazo ambalo, kama lingepatikana kwenye jambo la maana, angejengewa sanamu. Kila watoto wakienda mapumziko, vishikwambi vinahamia jikoni.

Mpishi wa shule, Mama Jikoni, alikuwa mtu wa mzaha na mikono miepesi. Alivipanga vishikwambi mezani kama chapati, na wakati sufuria linachemka akawa anavigusa kimoja baada ya kingine. Hakusoma swali hata moja. Kwa nini asome? Ukikosea hukatwi kitu. Unagusa jibu la pili, la tatu, mpaka ilie.

"Mwalimu wangu," alimwambia Umejuaje siku alipomkuta kazini, "mimi leo nimefaulu sehemu na desimali, na mfumo wa chakula wa mamalia."

"Umejuaje?"

"Si kengele imelia!"

"Na mamalia ni nani?"

"Niulize mwiko, mwanangu, nitakujibu." Akagusa tena. Ikalia. "Umeona? Nimefaulu tena. Kumbe ujinga wangu wote ule ilikuwa kukosa kengele tu."

Walicheka wote wawili, lakini mmoja wao aliondoka pale akiapa kwamba vya darasa lake havitafika jikoni.

Maana darasani kwake vishikwambi vilikuwa vinafanya kazi nyingine kabisa. Ilianza kwa somo la mimea. Kitabu kiliandika, kwa herufi nzito: mimea huhitaji mwanga ili ikue. Watoto wakaandika hivyo hivyo. Umejuaje hakuridhika. Akawaambia wapande maharage kwenye makopo mawili. Moja likawekwa dirishani, jingine kona ya darasa, likafunikwa boksi. Kila siku wamwagilie sawasawa. "Tuone kitabu kimejuaje," alisema.

Siku zikapita. Wakafunua boksi. Darasa zima likavuta pumzi kama lililofumania mtu. Haragwe la gizani lilikuwa refu kulizidi la dirishani, karibu mara mbili!

"Kitabu kinadanganya!" akapiga kelele mvulana mmoja aitwaye Wakili, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni huomba kwa hoja. "Mwalimu, giza ndilo linalokuza. Ushahidi huu hapa."

"Lakini ni la njano," alisema Kidole. Kidole ni msichana wa dawati la mbele aliyeitwa hivyo kwa sababu mkono wake huwa hewani muda wote, kama anasimamisha gari. "Na limesinzia. Refu ndiyo, ila kama linaumwa."

"Kuumwa ndiyo kurefuka? Basi mimi niumwe!"

Darasa likagawanyika, watu wa giza upande huu, watu wa mwanga upande ule, na watoto ambao mwaka mzima walikuwa wakijibu kwa pamoja kama kwaya ya msiba wakaanza kuvutana mashati kwa ajili ya haragwe. Umejuaje alisimama katikati akijizuia kutabasamu. Jibu alikuwa analijua. Angeweza kulisema kwa sentensi moja, wakaliandika, wakalipigia mstari, wakalisahau kabla ya kengele. Hakulisema. Akawapa shida nyingine: "Nyie mnaona leo tu. Nani anakumbuka lilikuwaje juzi? Lilianza kurefuka lini? Majani yalitoka lini? Macho yanaona, lakini hayana kumbukumbu."

Hapo ndipo vishikwambi vikapata kazi. Wakaanza upya na mbegu mpya. Kila asubuhi kabla ya kipindi, tena mchana, boksi linafunuliwa, rula inasimamishwa pembeni ya kopo, picha inapigwa, boksi linarudi. Programu ya maswali haikufunguliwa hata mara moja. Picha zikaongezeka. Ukizipitisha haraka kwa kidole, moja juu ya nyingine, haragwe lilikuwa linaamka, linajinyoosha, linazungusha shingo kama mtu anayetafuta aliyemwita. Watoto walipoliona linatembea namna hiyo mara ya kwanza, Wakili alinyamaza. Kwa Wakili, hiyo ni habari ya kutangazwa redioni.

Tatizo ni kwamba kamera haitoi nyota.

Mkuu akamwita ofisini.

"Mwalimu, darasa lako halijifunzi."

"Umejuaje, Mkuu?"

"Usinianze!" Mkuu alimgeuzia kioo cha kishikwambi chake. Pale palikuwa na michoro ya nguzo. Darasa la nne limepanda hadi juu, la sita limepanda, la saba limetoboa paa. Pa la tano palikuwa chini, patupu, kama jino lililong'oka. "Sifuri! Afisa wa Mradi anakuja Ijumaa. Tena naambiwa umejaza vifaa mapicha ya maharage. Hivyo vifaa vya watu, mwalimu, siyo shamba."

"Watoto wanachunguza, Mkuu. Bado hawajapata jibu. Nikifuta sasa, kila kitu kimekufa."

"Jibu si liko kwenye kitabu? Wasomee!" Kisha akashusha sauti, akaegemea mbele, akawa mtu mwema ghafla. "Sikia, dada yangu. Mimi si adui yako. Nipe vile vifaa wakati wa mapumziko tu. Mama Jikoni ana mkono mzuri, hadi Ijumaa nguzo yako itakuwa imesimama. Maharage yako yabaki, picha zibaki, afisa afurahi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Tusimpambe mwalimu wetu kwa maua asiyostahili: alishawishika. Alitoka ofisini akilifikiria lile neno, akaenda nalo hadi nyumbani, akakaa nalo mezani. Mume wake, fundi cherehani, alikuwa anafumua pindo la suruali iliyoshonwa vibaya na fundi mwingine.

"Kubali tu," alisema mume, sindano mdomoni. "Watu wote wanapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe peke yako ndiye mwenye vidole?"

"Na watoto?"

"Watoto watapata picha zao. Unataka nini tena?"

"Watapata na cheti cha Mradi, mume wangu. Kidole atapewa cheti kwamba amefaulu maswali aliyoyajibu mpishi. Miezi yote hii namwuliza, umejuaje, umejuaje. Akinigeukia yeye siku hiyo akaniuliza mimi, 'Mwalimu, nimefaulu, umejuaje?' nitamjibu nini? Kengele imelia?"

Mume akatoa sindano mdomoni. Akaitazama ile suruali. "Aliyeshona hii," alisema, "kwa nje aliipendezesha kweli." Akaendelea kufumua, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa afisa akaja. Alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na kishikwambi chake mwenyewe, kikubwa kuliko vyote, na shule alizopita zilimbandika jina la Bwana Asilimia. Mkuu alimzungusha madarasani. Darasa la nne likaimba wimbo wa teknolojia. La saba likanyanyua vishikwambi juu kwa pamoja, likavishusha kwa pamoja, kama askari wa gwaride. Bwana Asilimia akawa anaandika, anatabasamu, anaandika. Kisha wakafika mlango wa la tano, na hakuna aliyesimama wala kuwaimbia. Watoto walikuwa wameinamia vioo, wanagombana.

"Mgeni, karibu," alisema Umejuaje. "Kaa hapo. Hawa wana ubishi, labda utawasaidia. Wakili, mweleze mgeni."

Wakili akasimama akamweleza: hili la giza, hili la mwanga, lipi refu, kitabu kinasemaje. Akampitishia picha. Bwana Asilimia aliinama kwenye kioo, na kwa kitambo kidogo uso wake ukasahau kazi yake. "Aisee! Linatembea!" Akazirudisha picha mwanzo, akazipitisha tena. "Hili la gizani limerefuka kwa sababu... nadhani lilipewa mbolea nyingi."

"Umejuaje?" likauliza darasa zima kwa pamoja, bila kuambiwa.

Afisa alitazama huku na huku kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka. Mkuu akakohoa. Bwana Asilimia akajikumbuka, akashika kishikwambi chake kikubwa, akasogeza kidole. "Kwenye mfumo wangu lakini... darasa la tano lina sifuri."

"Kwa sababu mfumo wako unahesabu kengele," alisema Umejuaje. "Bwana afisa, nyota za shule hii ni za mpishi. Nenda jikoni uone. Yule mama ndiye mwanafunzi bora wa la nne, la sita na la saba, na hajui mamalia ni nani."

Mkuu akageuka rangi ya lile haragwe la gizani. Umejuaje alisubiri radi ipige.

Radi haikupiga. Bwana Asilimia alimsogeza pembeni, karibu na mlango, akasema kwa sauti ya chini, bila aibu, kama mtu anayeeleza bei ya nauli. "Mwalimu, unadhani sijui? Kila shule ina mpishi wake. Kuna nyingine ni mlinzi. Kuna moja, mke wa mkuu. Mimi nami nguzo zangu zinatazamwa na bosi wangu, na zake zinatazamwa na wanaotoa hela. Hakuna sehemu ya kuandika maharage. Ningekuwa nayo ningeandika, haki ya Mungu, nimeyapenda. Lakini sifuri ni sifuri. Hivi vifaa naondoka navyo."

Hapo ndipo hasira ya mwalimu ilipobadilika sura. Siku zote alidhani kuna mtu mmoja mjinga, na kwamba akipatikana wa juu yake akaambiwa, mambo yatanyooka. Kumbe hakuna mjinga. Wote wanajua! Ngazi nzima, kutoka jikoni hadi kwa mwenye hela, kila mmoja anamtazama wa chini yake akigusa kioo, na kila mmoja anamwonyesha wa juu yake kengele. Na chini kabisa ya ngazi wamekaa watoto, ambao ndio pekee waliokuwa wanataka kujua kitu.

"Utaondoka navyo," alisema. "Ila kipindi hakijaisha."

Akafunga mlango. Komeo likaingia kwa kishindo. Mkuu na mgeni wakajikuta ndani.

"Mwalimu, fungua!" alisema Mkuu.

"Kengele haijalia, Mkuu. Si kengele ndiyo inayotuambia kama watu wamejifunza?" Akageukia darasa. "Jamani, vishikwambi vinaondoka leo. Picha zitafutwa. Tuna kipindi hiki tu. Acheni kelele, tazameni. Nani anaona kitu?"

Wakatazama. Mgeni akakaa kwenye kibenchi, magoti yamekaribia kidevu. Kidole alikuwa anaivuta picha kwa vidole viwili, inakua, inakua, mpaka kioo kizima kikawa kinaonyesha shina peke yake, pale juu kidogo ya udongo.

"Mwalimu, zile nusu mbili za mbegu. Hapa nene. Hapa zimepungua. Hapa zimekunjamana kama uso wa bibi. Linakula akiba! Lilifungiwa chakula na mama yake, sasa linakimaliza."

"Napinga," alisema Wakili papo hapo. "Hata la dirishani zimekunjamana. Tazama picha hii."

Kidole akarudi nyuma kwenye picha, akaenda mbele. Mkono wake, kwa mara ya kwanza, ulikuwa mezani. "Ndiyo. Ila la dirishani zinapokunjamana, tayari lina majani ya kijani. Limeanza kujipikia. Hili halina. Majani yake kama kucha. Chakula chote limekitia kwenye urefu." Akainua uso. "Halikui, Wakili. Linakimbia. Linatafuta mwanga kabla chakula hakijaisha."

Wakili akaichukua picha akaitazama mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Basi tukiliacha litakufa na urefu wake."

"Ndiyo sababu limepinda kule," alidakia mwingine. "Boksi lilikuwa na tundu upande ule! Tazama shingo!"

Wote wakakimbilia boksi. Tundu lilikuwapo, dogo, la msumari. Darasa likalipuka kwa shangwe, mtu akapanda dawati, na Bwana Asilimia naye, Mungu amsamehe, alikuwa amesimama, shingo ameinyoosha kutafuta lile tundu.

Kisha kengele ya shule ikalia. Umejuaje akafungua komeo, kwa sababu alikuwa ameahidi.

Vishikwambi vikakusanywa. Mkuu mwenyewe alivipokea mikononi mwa watoto kimoja kimoja, anavuta haraka, na hapo hapo kwenye ngazi za darasa afisa akaanza kuvisafisha kumbukumbu: anabonyeza, anasubiri, kioo kinakuwa cheupe, anaweka kwenye boksi. Hakumtazama mtu. Kidole alisimama karibu yake akiangalia maharage yake yanavyopotea.

"Shikamoo, mgeni. Tukizikata zile nusu mbili za mbegu mapema, halafu tukilifunika haragwe, litakimbia kwa chakula gani?"

"Marahaba. Mm... sijui."

"Na sisi hatujui. Tulikuwa tunataka kupiga picha Jumatatu."

Bwana Asilimia akabonyeza. Kioo kikawa cheupe. "Muulize mwalimu wako," alisema, akafunga boksi kwa utepe, akaenda zake garini na nguzo zake.

Kidole akageuka. Darasa zima lilikuwa limesongamana mlangoni nyuma yake, na wote sasa walikuwa wanamtazama mwalimu, si kwa huzuni bali kwa namna ya watu wanaongoja wapewe vifaa vya kazi. Umejuaje alitamani wangelia. Kilio kingekuwa rahisi. Mtoto anayelia unambembeleza. Anayetaka kujua unambembelezaje?

"Pandeni mbegu," alisema. "Makopo manne safari hii. Wakili, simamia rula, msije mkagombana. Nakuja."

Alivuka uwanja kuelekea ofisini. Mkuu alikuwa ndani, anamweleza mtu kwenye simu kwamba ziara imekwenda vizuri sana, shukrani, shukrani, ila kuna mwalimu mmoja ataandikiwa barua. Kishikwambi kimoja, kile cha Mkuu mwenyewe, kilikuwa mezani bado kina nailoni yake juu ya kioo, kimeegemezwa kwenye chombo cha maua ya plastiki.

Miaka yote Umejuaje alikuwa akibisha mlango ule kwa kucha mbili na kusubiri aambiwe apite. Siku ile aliingia bila hodi, akakichukua kishikwambi mezani, na akaanza kubandua ile nailoni taratibu, mbele ya macho ya Mkuu.